Mkono Usioachia

Kikombe cha chai kilikuwa kimeshapoa, na mkono wa Mama Hoza ulikuwa bado umekishika.

"Kiachie, mama," alisema Namkunda.

"Mwanangu, mimi nilishakiachia tangu saa moja asubuhi. Aliyekataa ni huyu." Mama Hoza akauonyesha mkono wake wa kulia kwa kidevu, kama mtu anayemsemea mtoto mtundu kwa mwalimu.

Walikuwa wameketi ndani ya karakana ya viungo bandia pale Soni, na ukungu wa milima ya Usambara ulikuwa unaingia dirishani bila hodi. Namkunda ndiye aliyekuwa fundi pekee wa viungo kuanzia Mombo kwenda juu. Watu walimsifu kwamba mguu ukipita kwake haurudi tena. Sasa mkono aliouhudumia jana Jumanne ulikuwa umerudi leo Jumatano, tena umekuja na kikombe cha watu.

Mkono wenyewe ulikuwa mzuri, usiuone hivyo. Ulitengenezwa na kampuni iitwayo Viungo Hai, na kama vilivyokuwa viungo vyote vya miaka hiyo, ulikuwa na mfumo wake endeshi, kama simu. Wengi walitumia toleo la nane. Toleo la nane lilikuwa linashika, linabeba, linafunga vifungo vya shati, lakini halikuhisi kitu. Ukiliwekea kaa la moto au barafu, kwake ni mamoja. Toleo la tisa lilihisi. Tatizo ni kwamba lilikuwa bado halijatoka. Lilikuwa la majaribio, wamegawiwa watu mia nne tu nchi nzima, na ukurasa wa kwanza wa maelekezo ulionya kwa maandishi mekundu kwamba anayeliweka atarajie hitilafu. Onyo kama hilo kila mtu hulisoma, na hakuna anayedhani limeandikwa kwa ajili yake.

Sasa mtu atauliza, haraka ya nini? Mama Hoza alikuwa mkunga. Kwa miaka ishirini na tatu alizalisha Soni nzima, mpaka siku alipokuwa anamkimbilia mzazi mmoja wakati wa masika, kilima kikaporomoka na kuondoka na mkono wake. Tangu hapo, miaka kumi na moja, kazi yake ilikuwa kupima watoto uzito na kujaza kadi. Ofisi ya afya ya wilaya ilimwambia waziwazi: apate mkono unaohisi, apite mtihani, arudi leba. Toleo kamili la tisa lingetoka baada ya miaka mitatu. Yeye alikuwa amebakiza miwili astaafu. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Namkunda akaanza na dawa ya kwanza ya mafundi wote: akauzima mkono, akauwasha. Ulipozimwa, vidole vilifunguka na kikombe kikaanguka mapajani. Ulipowaka, akaupa bisibisi. Ukaishika vizuri tu. Akaomba bisibisi yake arudishiwe, na hapo ndipo ulipoanza ubishi. Akakagua betri, akasafisha viungio vya waya, akauwasha katika hali salama, akafuta kumbukumbu za muda, akaliweka upya fungu la mwisho la masasisho. Kila alipomaliza alijaribu tena, na kila alipojaribu alipoteza kifaa. Kufika saa nne, mkono ulikuwa umemshika mkono wa koti lake mwenyewe, naye akalazimika kulivua.

Akapekua ukurasa ambao wanaojaribu toleo hilo huandikiana shida zao. Mmoja wa Dodoma alilalamika kwamba kidole gumba chake kinasinzia mchana. Mwingine alisema mkono unatetemeka akikaribia redio. Wa mkono usioachia hakuwepo hata mmoja.

Ikabidi apige makao makuu. Aliyepokea alikuwa mhandisi Barasa, mtu mpole mwenye sauti ya usingizi.

"Dada Namkunda, umejaribu kuuzima na kuuwasha?"

"Kabla hata sijanywa chai."

"Haya, nitumie kumbukumbu za mfumo." Zikamfikia, akazisoma. "Vidole vizima. Amri ya kuachia inatoka kwenye ubongo, inashuka mpaka kifundoni, mkono unaipokea kabisa. Halafu hauitekelezi. Kama vile unasubiri kitu."

"Unasubiri nini?"

"Ndilo ninalokuuliza. Saa ya kutulia ilikwendaje?"

Saa ya kutulia ndiyo roho ya toleo la tisa. Mfumo ukishawekwa, mkono hulazwa saa nzima ukiwa macho, usiguse na usiguswe, ili ujue dunia inakuwaje pasipo mtu kuuhitaji. Yatakayoupata ndani ya saa hiyo, utayachukua kuwa ndiyo kanuni ya maisha. Baada ya hapo fundi hujaza fomu, na swali la saba huuliza: je, kifaa kiliguswa? Namkunda alikuwa amejibu hapana, tena bila kufikiri.

"Ilikwenda vizuri," alisema, akaaga haraka.

Alipokata simu akaifungua kumbukumbu ya saa ile mwenyewe, maana hakuwa ameitazama wala kuituma. Mkono ulikuwa umeguswa mara tisini na saba.

Hapo kila kitu kikamrudia. Jana ilikuwa siku ya gulio. Ndani kulikuwa na giza la ukungu, kwa hiyo alimkalisha Mama Hoza kwenye benchi barazani, mkono umelazwa juu ya meza ndogo, akamwambia atulie saa moja, kisha akaingia ndani kutengeneza goti la mteja mwingine. Na nani wa Soni ampite Mama Hoza ana mkono mpya asisimame? Walikuja wauza kabichi, walikuja wauza mapeasi, walikuja waliotoka kununua chumvi tu. Hongera, mama, lete mkono. Na salamu za milimani si neno moja ukaenda zako. Huulizwa nyumbani, huulizwa watoto, huulizwa ng'ombe, mvua na viazi, halafu mnarudi nyumbani tena kana kwamba hamjatoka huko, na muda wote huo mikono imeshikana. Kuuchomoa wako kabla mwenzio hajamaliza ni kama kumpa mgongo.

Namkunda alichungulia mara mbili na kuyaona hayo kwa macho yake. Hakuona kasoro yoyote. Mara ya pili alimtoa mama mkwe wake ndani, akamwambia mama, nenda ukamsalimie Mama Hoza.

Kwa hiyo mkono ulikuwa umejifunza, tena vizuri kuliko watoto wengi: ulichokishika usikiachie mpaka cha upande wa pili kimalize. Na kikombe hakina siku kitamaliza.

"Na wewe, mama," Namkunda aliuliza taratibu, "nilipokwambia utulie?"

"Nilitulia. Lakini mtu ananyoosha mkono, nimnyime? Nimwambie mkono wangu mpya una maringo?"

Hata Namkunda mwenyewe angeutoa.

Mchana ule Mama Hoza alikwenda kupumzika kwa dada yake, na Namkunda akabaki peke yake na kishikwambi chake. Akapata njia. Ndani ya mfumo kuna chumba cha mafundi kisichoonekana na mtumiaji, na humo mtu anaweza kuulazimisha mkono kwa saa badala ya hiari: ushike, zihesabiwe sekunde nane, uachie, utake usitake. Kiraka cha mistari sita. Mama Hoza aliporudi, kiraka kilikuwa tayari, akakiingiza. Akampa kikombe. Moja, mbili, mpaka nane, vidole vikafunguka.

"Alhamdulillahi," alisema Mama Hoza, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akajigusa shavu, akagusa mbao za meza, akagusa pindo la kanga yake. "Mwanangu, sijui nikwambie nini. Jana jioni nilimpapasa mzee uso. Kumbe ana makunyanzi. Miaka kumi na moja nalala na mtu, mkono huu haujui ana makunyanzi."

Namkunda akatabasamu, lakini tabasamu halikumkaa. Mtihani wa Jumatatu ulikuwa wa kumpokea mwanasesere na kumlaza. Kazi isiyozidi sekunde nane. Mkono ungepita. Jumanne je? Mtoto anapozaliwa anateleza kama sabuni, na hakuna mtoto anayezaliwa kwa sekunde nane. Ya tisa ingemkuta wapi? Angeweza kumfundisha Mama Hoza kuhesabu na kushika upya. Angeweza pia kusema kweli, na hapo sheria ya kampuni ilikuwa haina kona: mkono ulioharibikiwa saa ya kutulia hurudishwa toleo la nane, na mishipa iliyoamshwa hulala tena. Kuiamsha mara ya pili hakuna aliyewahi. Yeye mwenyewe angefutwa kwenye orodha ya mafundi wa majaribio, na haki yao. Lakini lililomzuia zaidi lilikuwa yale makunyanzi. Atamwambiaje mtu aliyepata uso wa mumewe jana kwamba keshokutwa anaupoteza?

Akaketi. Akasimama. Akaketi tena, na akamweleza yote: salamu tisini na saba, swali la saba, kiraka, sekunde nane, toleo la nane. Hakujitetea popote.

Mama Hoza alisikiliza huku ameshika kisu cha karakana, na walipofika kwenye sekunde nane kisu kikamponyoka chenyewe, kikadunda sakafuni. Wote wawili wakakitazama.

"Na hizo sekunde," aliuliza, "mtoto atakuwa anazijua?"

"Hapana, mama."

"Ukitoa hicho kiraka na kusema kweli, nitaacha kuhisi."

"Ndiyo. Na kosa ni langu, si lako."

Mama Hoza akaukunja mkono mapajani, akaufunika na ule wa kushoto, wa nyama. Aliogopa, na ilionekana kwamba anaogopa. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo.

"Mficha uchi hazai. Neno hilo nimewaambia wanawake wakiwa wamekaza magoti kwa aibu, nikawaambia fungua, hapa hakuna wa kumficha. Leo mimi nifunge? Piga simu, mwanangu. Piga nikiwa bado nina moyo huo."

Namkunda akapiga. Alimwambia Barasa kila kitu, na katikati alilia, na wala hakuziba simu asisikike. Barasa hakumkatiza.

"Sheria unaijua," alisema mwishoni. "Amri ya kurudisha toleo la nane imeshaingia sasa hivi, niliporekebisha jibu lako la saba. Itajiendesha Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Siizuii mimi."

"Mhandisi, mkono haujaharibika. Umefundishwa. Umefundishwa na watu tisini na saba, na watu hao nawajua kwa majina. Wakiufundisha tena?"

Ile sauti ya usingizi ikawa haina usingizi tena. "Hakuna aliyejaribu. Saa ya kutulia ina uzito mkubwa. Kuishinda kunataka kupokea na kuachia mara mia tatu, kwa mikono mbalimbali. Na kuna makabati mawili mle ndani: vitu, na miili ya watu. Kila kabati lifike asilimia tisini. Likifika kabla ya saa kumi na mbili, nitaweka saini yangu na amri itafutika. Kuhusu nafasi yako kwenye orodha, dada, sikuahidi."

"Sijaiuliza," alisema Namkunda, na akakiondoa kiraka.

Ijumaa gulio lilijaa. Namkunda akapanda juu ya benchi lilelile la barazani, akawaambia watu kwamba Jumanne ile aliharibu kazi. Alipaswa kumkalisha Mama Hoza ndani na kufunga mlango, hakufanya hivyo, na kwenye fomu akaandika uongo. Sasa mkono wa Mama Hoza haujui kuachia, na ukifika jioni bila kujua, utakufa ganzi.

"Kumbe tulioharibu ni sisi," alisema mzee mmoja muuza magunia, kwa majuto.

"Ninyi mlisalimia. Anayejua mkono haufai kusalimiwa ni mimi."

Wakapanga foleni bila kuambiwa mara mbili. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza: mpe Mama Hoza kitu, aseme moyoni chukua, nawe ukichukue. Kiazi cha kwanza kilichukua dakika nzima, mwenye kiazi akivuta na Mama Hoza akitoa jasho. Cha kumi kilichukua nusu yake. Yakaja mapeasi, funguo, kiatu, karai, Kurani ndogo ya mfukoni, miwani. Mtu akileta kabichi lisiloenea kiganjani anachekwa, anarudi na karoti. Jogoo mmoja alishikwa shina la bawa dakika mbili akaapiza soko zima. Kufika adhuhuri vidole vilikuwa vinafunguka kabla mtu hajavuta, na kabati la vitu likasoma tisini na sita.

Kabati la watu lilikwama sabini na moja.

Walijaribu. Watu walimpa mikono, na papo hapo mkono ukakumbuka adabu zake. Ukawashika mpaka wamalize habari za ng'ombe. Walimpa viwiko, walimpa mabega. Mizani ilipanda nukta ikashuka nukta.

"Mtu mzima kwake ni salamu," Barasa alisema kutoka kwenye kishikwambi. Alikuwa hewani nao tangu asubuhi. "Unataka mwili wa mtu ambao hausalimii. Mtoto mchanga. Mara tatu nne zinatosha. Nguvu ya vidole imefungwa kwenye chuma, haiwezi kumminya mtoto, hilo naapa. Lakini kwamba utamwachia, siwezi kuapa."

Watu wakasikia, wakatazamana. Ilikuwa saa kumi na moja na robo. Mama Hoza akaanza kuvaa sweta yake.

"Msimwombe mtu," alisema. "Jambo hilo haliombwi. Ahsanteni, wanangu, mmechoka."

Namkunda naye hakuomba. Alitaka, lakini hakuomba.

Aliyetoka ni Zaina, muuza mapeasi wa kona ya stendi, mgongoni ana mtoto wa miezi miwili. Alimtazama Namkunda, si Mama Hoza.

"Dada fundi, ulivyosimama pale juu ukasema umeandika uongo. Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Basi nijibu na hili hivyohivyo. Mkono ukimng'ang'ania mwanangu, mtafanya nini?"

"Nauzima mkono. Kitufe hiki hapa, kidole changu kitakuwa juu yake muda wote. Ukizimwa unafunguka, na Mama Hoza atakuwa amemkinga chini kwa mkono wake wa kushoto. Lakini ukizimwa katikati ya somo, hautasoma tena. Utakuwa mwisho."

Zaina akafikiri. "Mimi nimepokelewa na mkono wake wa kwanza," alisema, akaifungua kanga.

Mama Hoza alikaa sawasawa. Mkono wa kushoto ukaingia chini ya matako ya mtoto, wa kulia ukapokea kichwa. Foleni nzima ikasogea, ikasimama kwa vidole vya miguu. Namkunda aliweka kidole juu ya kitufe. Barasa akasema subirini, subirini kwanza. Mama Hoza hakuwa anawasikia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na kidole gumba cha chuma kilikuwa kinapita taratibu juu ya kichwa cha mtoto, kikienda na kurudi mahali pamoja.

"Zaina, mtoto huyu leo amekojoa mara ngapi?"

"Asubuhi mara moja, mama. Sijui, nimekuwa na wateja."

"Anaharisha?"

"Tangu jana. Nilijua ni tumbo tu la kawaida."

"Utosi umebonyea." Alimhamishia begani, akambinya ngozi ya tumbo kidogo akaiangalia inavyorudi, akamrudisha kiganjani, akagusa utosi tena. "Bado mapema, usiogope. Mchukue, mnyonyeshe sasa hivi, hapahapa, anyonye mpaka akatae. Halafu twende zahanati tukampe maji ya chumvi na sukari. Nani ana baiskeli ya umeme hapa? Wewe, leta. Nipisheni jamani, mnamziba hewa."

Mtoto akawa tayari kifuani kwa mama yake, ananyonya. Mama Hoza akatafuta kandambili zake chini ya benchi, akazivaa, akamshika Zaina kiwiko, akamwongoza kupita katikati ya watu, na watu wakawapisha.

Namkunda akabaki na kidole juu ya kitufe. Ilimchukua muda kukumbuka kukitazama kishikwambi. Mkono ulikuwa umempokea mtoto na kumwachia mara tatu, kila mara chini ya nusu sekunde, na hakuna aliyeona. Mizani ilisoma tisini na mbili.

"Nimeiona," alisema Barasa, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Naweka saini, amri inafutika. Nahitaji tu mtumiaji mwenyewe athibitishe kwa mdomo wake. Nipe Mama Hoza."

Namkunda alitazama barabara ya zahanati, akajifuta uso kwa upande wa koti.

"Huwezi kumpata sasa," alimwambia. "Yuko kazini."